Yaliyosemwa Jiweni

"Rudisheni," alisema Mzee Yeremia. "Nataka kumsikia mwanangu tena."

Alikuwa amesogea hadi mbele kabisa, karibu na spika, kofia yake ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia kanisani. Nyuma yake uwanja wa mnada wa Ikungi ulikuwa umetulia. Madalali walikuwa wameacha kunadi. Wauza mitumba walikuwa wamekaa juu ya marobota yao, vinywa wazi. Mbuzi tu ndio walioendelea kulia, maana wao hawakuwa na habari.

Mwalimu Maryam alitabasamu. Hakujua Kinyaturu, lugha ya wimbo ule. Aliona mzee aliyeguswa na wimbo, akafurahi, akabonyeza kitufe. Kaseti ikarudi nyuma ikilia kama vifaranga, kisha sauti ya wifi yangu Magdalena, binti wa mzee yule, ikatoka mara ya pili, kubwa kuliko alivyopata kusema maisha yake yote.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Waya wa betri ulipita karibu na mguu wangu. Ningeweza kuuvuta. Ni miaka sita sasa, na bado kuna siku nikiwa napepeta au nachota maji, mguu wangu hujongea wenyewe kuutafuta waya ule.

Mwaka ule wa tisini na sita nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiachia darasa la tano, mguu wa mama ulipovimba na ikaonekana kwamba mbuzi wananihitaji kuliko ubao. Nilikuwa mtu wa haya. Siyo haya ile ya adabu wanayosifiwa wasichana. Yangu ilikuwa ugonjwa. Nikiulizwa jina mbele ya watu ulimi uliganda, na ndugu zangu walizoea kunijibia. Mgeni aliweza kukaa nyumbani kwetu siku mbili kabla hajagundua kwamba na mimi nipo.

Kwa hiyo watu walicheka waliposikia nimechaguliwa na Mwalimu Maryam. Huyu alikuwa binti wa familia ya wenye maduka pale Singida mjini, Waislamu wa siku nyingi, babu mmoja Mnyamwezi na mwingine mtu wa Pangani. Alifanya kazi ya redio Dar es Salaam, kisha akarudi na mradi. Wakati ule kila mtu alikuwa na mradi. Wake ulikuwa wa kuwafundisha wasichana wasiomaliza shule kunasa sauti za watu wa kwao na kutengeneza vipindi. Tulikuwa watano, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbegu. Kila mmoja alipewa kinasa sauti cheusi cha kuning'iniza begani, kaseti tatu, na kazi moja.

"Nileteeni mtu mmoja," alisema. "Msiniletee kijiji. Msiniletee maendeleo. Mtu."

Mimi alinichagua kwa sababu ileile iliyowachekesha wengine. "Watu wakikaa na wewe, Kristina, wanasahau kwamba upo," aliniambia. "Hicho ni kipaji. Wenzako itabidi wakitafute."

Hakuna aliyewahi kuniambia nina kipaji. Nilitembea kilomita tisa kurudi nyumbani bila kuhisi miguu.

Mtu wangu alikuwa Magdalena, mke wa kaka yangu Ezekieli. Wifi na wifi wengi hutazamana kama majirani waliogombea mpaka wa shamba. Sisi hatukuwa hivyo. Nilipoanza sentensi na kukwama katikati, wengine waliimalizia wanavyotaka wao. Yeye alingoja. Aliweza kungoja hata akawa amebandika sufuria na kuipua, halafu akasema, "Ehe?"

Kijijini kwetu kulikuwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa ya Ezekieli na rafiki yake Filipo, wameifunga katika lililokuwa ghala la ushirika, ambalo baada ya ushirika kufa lilikuwa makao ya popo. Wanawake wote walikwenda mashineni na ndoo zao kichwani. Mke wa mwenye mashine, yeye peke yake, alibaki akisaga kwa jiwe.

Sababu tuliijua sote nyumbani, na hatukuitaja. Magdalena alipojifungua Rebeka, mtoto wake wa kwanza, baba yake alileta ng'ombe. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo ni wa maziwa ya wajukuu. Hauzwi, hachinjwi, na akifa, aliyemtoa hupelekewa habari kama vile amekufa mtu. Alikuwa mweupe, wakamwita Nyange. Miaka mitatu baadaye Magdalena alipelekwa hospitali ya mjini kumzaa Ester, akakaa huko wiki mbili. Aliporudi, kigingi hakikuwa na kamba. Ezekieli alikuwa amemuuza Nyange, na fedha ameziingiza katika mashine.

Mama yangu ndiye aliyeshika kamba dalali alipomkagua meno. Na mimi, kwa kuwa Nyange alikataa kumfuata mtu mgeni, ndiye niliyetangulia mbele hadi mnadani, nikimwita kama nilivyomwita kila siku kwenda kunywa maji. Alinifuata njia nzima.

Magdalena hakugombana. Hakwenda kwao kushtaki, maana alijua kitakachotokea: baba yake angekuja kumchukua siku hiyohiyo, na kwetu mtoto aliyekwisha kuacha ziwa habebwi na mama yake akiondoka. Rebeka angebaki. Kwa hiyo Mzee Yeremia alipomwuliza, kanisani au mnadani, "Ng'ombe hajambo?" alijibu, "Hajambo, baba. Yuko malishoni."

Halafu akarudi nyumbani akapiga magoti mbele ya jiwe.

Lazima nieleze habari ya jiwe, kwa sababu kila kitu kimesimama hapo. Katika nyumba zetu mwanamke akiwa anasaga huimba, na anachokiimba ni halali yake. Anaweza kumtaja mume kwa ubahili wake, mama mkwe kwa ulimi wake, hata mchungaji. Anayeguswa haruhusiwi kujibu, wala kuuliza, wala kumkumbusha baadaye kwamba ulisema hivi. Aliyesema ni jiwe. Ukiwa na akili utasikia na kujirekebisha kimyakimya, na siku itakayofuata wimbo utakuwa umebadilika. Bibi yangu, nimeambiwa, alimwachisha babu pombe kwa misimu miwili ya uwele.

Magdalena aliimba hivi. Naueleza kwa Kiswahili, ingawa kwa Kiswahili unapungua:

Ng'ombe wa baba yangu amegeuka chuma,
anakunywa dizeli, anatapika moshi.
Watoto wangu nawakamulia moshi.
Mwenye nyumba ndiye aliyemfungua,
mama wa mwenye nyumba ndiye aliyeshika kamba.
Baba akiuliza, nasema yuko malishoni.
Malisho gani haya yasiyo na jioni?

Mimi hakunitaja. Alijua ni nani aliyetangulia mbele ya Nyange, kijiji kizima kilituona. Lakini katika wimbo ule wote, asubuhi baada ya asubuhi, sikuwemo.

Na jiwe lilikuwa linafanya kazi yake. Mama, aliyezoea kukaa nje ya mlango akichambua maharage, mwanzoni alikuwa anacheka kidogo na kusema, "Leo jiwe limeamka vibaya." Baadaye aliacha kucheka. Siku moja alikwenda kwa dada yake akarudi na kibuyu cha maziwa, akakiweka karibu na jiko la Magdalena bila neno. Ezekieli naye alisimama siku moja uani, shati begani, akasikiliza wimbo mpaka mwisho. Wiki iliyofuata alipanda lori kwenda upande wa Iguguno. Jioni aliporudi nilimsikia akimwambia mama, "Nimeona mtamba mzuri kule. Tukivuna alizeti namleta. Usimwambie, mama. Aamke tu amkute."

Nilikuwa nimekaa palepale, nimeegemea ukuta. Walikuwa wamesahau kwamba nipo.

Nilimwomba Magdalena ruhusa mara moja, hilo ni kweli.

"Wifi, Mwalimu anataka tumrekodi mtu. Naomba nikurekodi ukisaga."

"Mimi? Nina nini cha kurekodiwa?" Akacheka. "Haya, rekodi jiwe. Mimi usinitie humo."

Akapiga magoti, akasaga kikapu kizima bila kufungua mdomo. Nilipeleka kaseti Ikungi. Mwalimu Maryam akasikiliza upande mzima, akavua spika za masikioni.

"Jiwe zuri," alisema. "Mwenye jiwe yuko wapi? Humu hamna mtu, Kristina. Rudi."

Ningemwambia: mwenye jiwe hataki. Maneno matatu. Badala yake nilirudi nyumbani, na asubuhi iliyofuata, kabla Magdalena hajaingia katika chumba cha ndani, nilikiweka kinasa sauti chini ya ungo, nikafunika ungo kwa kanga kuukuu, nikabonyeza kitufe. Nikakaa mlangoni. Aliingia na Ester mgongoni, akapiga magoti, akaniambia, "Umeamka mapema." Kisha akasaga, na akaimba.

Mwalimu Maryam alisikiliza kaseti ya pili amefumba macho. Alipomaliza alivua zile spika akanivalisha mimi. "Sikiliza ulichokifanya," alisema. Nyumbani kwetu maneno hayo huandamana na kofi. Hapa yalisemwa kwa heshima, na niliona macho yake yamelowa, na wenzangu wanne wakinitazama.

Akaniuliza mambo mawili.

"Anasema nini?"

"Anausifu uwele," nilijibu.

"Na mwenyewe amekubali tuupige mnadani, mbele za watu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini. Sehemu moja ya jibu ni hii: nilifikiri jiwe litamlinda. Sauti yake ilikuwa imo ndani ya kaseti, kru, kru, kru, toka mwanzo hadi mwisho; nilikuwa hata nimemwomba Mwalimu asiipunguze. Nikajiambia kwamba watu wa Ikungi ni Wanyaturu, wanajua sheria ya jiwe, watasikia kwamba mwanamke anasaga na watanyamaza kama tulivyonyamaza sisi. Hilo nililiamini. Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba sikutaka kuvua zile spika.

Siku ya mnada Ezekieli alivaa shati lake jeupe. Alifika na Filipo, akawa anawaambia watu, "Kipindi cha mdogo wangu kinapigwa leo. Huyu mnayemwita bubu." Magdalena alibaki nyumbani na watoto, Ester alikuwa na homa. Kama angekuja, nadhani ningevuta ule waya. Sina hakika.

Walipiga kwanza kipindi cha mwenzangu juu ya mrina asali mmoja, watu wakasikiliza huku wakinunua nyanya. Kisha cha kwangu. Jiwe lilipoanza kulia wanawake waliangua kicheko cha kujuana; mmoja alipiga goti akaiga mtu anayesaga. Halafu sauti ikaingia.

Niliona jinsi inavyotokea. Mstari wa kwanza walikuwa bado wanacheka. Wa pili, wanawake walinyamaza. Waliotambua sauti wakawanong'oneza wasioitambua, na macho yakaanza kumtafuta Ezekieli, moja moja, kisha yote. Kwenye jiwe kuna mlango, kuna ukuta, kuna watu watatu wanaojua na wameshakubaliana kutojua. Pale uwanjani hapakuwa na mlango. Hapakuwa na hata mwanamke anayesaga. Palikuwa na maneno tu, na mnadani kila neno lina jibu.

Filipo ndiye aliyelitoa. Alikuwa mtu wa mzaha, na sidhani kama alikusudia baya.

"Ezekieli!" alipaza sauti. "Kumbe mashine yetu ina pembe!"

Uwanja ukalipuka.

"Dizeli ikiisha mpeni pumba!" akadakia mwingine.

"Angalieni asije akazaa pikipiki!"

Ezekieli alijaribu kucheka nao. Mdomo ulikubali, uso ukakataa. Aligeuka akapita katikati ya watu, shati jeupe likionekana kwa mbali mpaka njia ya kwetu. Ndipo kicheko kilipopungua, na nikamwona Mzee Yeremia akija mbele, watu wakimpisha.

Baada ya kusikia mara ya pili alivaa kofia yake. "Ahsante, mwanangu," alimwambia Mwalimu Maryam kwa Kiswahili. Hakunitazama mimi. Akaenda kuwafungua mbuzi wake aliokuwa amekuja kuwauza, akaondoka nao.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Ezekieli alikuwa amesimama uani, Magdalena ameketi kwenye kigogo, anamnyonyesha Ester.

"Uliyosema jiweni niliyasikia," Ezekieli alikuwa anasema, taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. "Nilikuwa nayajibu kwa namna yangu. Mama ni shahidi. Sasa wewe umeona jiwe halitoshi, ukanipeleka mnadani."

"Mimi sijafika mnadani."

"Sauti ni ya nani?"

"Ni yangu." Magdalena alinyanyua macho, akaniona nimesimama langoni na kile kinasa sauti begani. Nikaona anaelewa. Alifanya kama alivyofanya siku zote: alingoja.

Niliingia ndani.

Asubuhi Mzee Yeremia alikuja na wazee wawili wa ukoo wake. Tuliwaamkia, mama akatoa vigoda, hawakukaa.

"Nimekuja kuuliza," alisema Mzee Yeremia, "ng'ombe wangu yuko malisho gani."

"Mzee, shikamoo tena," alisema Ezekieli. "Makosa nimefanya. Nilikuwa namtafuta mtamba wa kumrudisha, hata mama anajua."

"Ulikuwa."

"Nilikuwa. Nimekwisha kumwona, kule Iguguno."

Pale palikuwa na nafasi. Nililiona lile jambo likisimama kwenye ncha, likiweza kuangukia upande wowote. Hata mmoja wa wale wazee alikivuta kigoda kwa mguu kama anayetaka kukaa. Lakini nje ya ua walikuwa wamekwisha kusimama majirani, na mmoja wao akafanya mdomo wake ulie kama injini ya mashine, na wengine wakacheka. Shingo ya Ezekieli ikabadilika.

"Lakini binti yako hakuweza kungoja," alisema. "Amekwenda kunishtaki kwa redio. Haya, mchukue. Redio itamlisha."

"Sikwenda kwa redio," alisema Magdalena.

"Ilikuja yenyewe?"

Magdalena akanigeukia. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya kichwa cha Rebeka.

"Wifi," alisema.

Watu wote waligeuka wakanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wote kukumbuka kwa pamoja kwamba nipo. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, naapa, yalikuwa yamejipanga: nilimrekodi kwa siri, yeye hakujua. Ulimi haukuganda hata kidogo. Siku hiyo sina ugonjwa wa kusingizia. Niliogopa kofi la Ezekieli, na aibu ya majirani, na zaidi ya yote niliogopa kwamba Mwalimu Maryam angesikia na kuninyang'anya kile kitu cheusi. Niliinamisha kichwa nikatazama kuku wakidonoa makapi.

Magdalena alingoja muda mrefu sana. Kisha akaingia ndani kufunga nguo zake.

Ester aliondoka mgongoni kwa mama yake. Rebeka alibaki, mikononi mwangu, maana hakuna mwingine aliyenyoosha mikono. Hakulia mpaka walipopita kona ya minyaa.

Mwalimu Maryam alielezwa maana ya wimbo siku tatu baadaye, na mwenye duka la mbegu. Alikuja kwetu kwa miguu. Alikaa kwenye kigoda ambacho Mzee Yeremia alikikataa, akanitazama. "Nimeusikiliza wimbo ule mara ishirini," alisema, "nikitabasamu." Nilingoja anifukuze. Alisema tu, "Nilipaswa kumwuliza mwenyewe. Kosa hilo ni langu. Lako unalijua." Hakunifukuza. Nilibaki na kinasa sauti, na hiyo ndiyo adhabu ambayo sikuwa nimejiandaa nayo.

Mtamba wa Iguguno hakununuliwa. Ezekieli aliuza hisa yake kwa Filipo, kwa kuwa kila mteja aliyeingia mashineni aliuliza maziwa. Miaka miwili baadaye alioa tena, mwanamke mpole kutoka Iguguno, jina lake Sijaona. Rebeka nilimlea mimi. Siku moja, akiwa na miaka sita, aliniita mama kwa kupitiwa, na nikaruka kama mtu aliyekamatwa ameshika kitu cha watu.

Mwaka huu mwezi wa saba nilikwenda Manyoni kunasa sauti za wafanyakazi wa zamani wa reli. Siku hizi kila ninayemrekodi namsikilizisha kwanza, mwanzo hadi mwisho, na akisema futa, nafuta. Mchana nilitafuta chakula karibu na stesheni, kwa mama ntilie, nikainama chini ya turubai, na aliyekuwa anapakua ugali alikuwa Magdalena.

Alinenepa kidogo. Alinipa sahani kabla sijasema kitu.

"Rebeka anasoma?" aliuliza.

"Darasa la tatu."

"Anaongea?"

"Anaongea sana."

"Vizuri," alisema.

Wateja walikuja na kwenda. Niliosha vyombo bila kuombwa. Walipopungua nikasema, nikiwa nimeipa ndoo ya maji uso wangu, "Wifi, nilikurekodi bila kukuambia. Kilikuwa chini ya ungo." Ilinichukua muda kufika mwisho wa sentensi. Alingoja.

"Unadhani sikujua ni wewe?" alisema. "Ndani ya chumba kile tulikuwa mimi, wewe na Ester. Ester alikuwa na miezi mitano."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ingekuwa neno la mwizi anayejitetea. Lilikuwa neno lako." Alifunika sufuria, akafuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo. "Na sasa umetoka Singida kuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwepo, Kristina. Kamwambie ambaye hakuwepo."

Nilifika kwa Ezekieli kesho yake jioni. Alikuwa amekaa uani anangoja chakula. Mvi zimemwingia. Nilimwamkia, akaniitikia, akanisogezea kigoda, akaanza kulalamika juu ya bei ya alizeti. Nilimkatiza. Sikuwa nimewahi kumkatiza mtu yeyote.

Nilimwambia kwamba jana nimemkuta Magdalena Manyoni, kisha nikamwambia yote: ungo, kanga kuukuu, kitufe. Nilimwambia nilivyoulizwa na Mwalimu na nilivyojibu. Nilimwambia kwamba asubuhi ile Magdalena aliponiita, nilikuwa na maneno mdomoni.

Nilingoja kofi, lingefika miaka sita baada ya siku yake, lakini ningelipokea.

"Hakujua?" aliuliza mwishowe.

"Hakujua."

"Hata kidogo?"

"Aliniambia nirekodi jiwe tu. Yeye nisimtie."

Ezekieli alitazama mikono yake. Sijaona alikuwa amekuja na birika na beseni la kunawia, amesimama kando yake kama mke anavyosimama, na sijui amesikia kuanzia wapi.

"Manyoni upande gani?" kaka yangu aliuliza.

"Karibu na stesheni," nilisema.

Sijaona aliinamisha birika. Maji yalimwagika nje ya beseni, juu ya vumbi, juu ya miguu yake mwenyewe, na aliendelea kuyamwaga.